Mgeni Miaka Mitano

Jumatatu, 3 Machi

Fukusi wa ngano wote wa chupa ya nne wamekufa. Sijui kama ni dawa imefanya kazi au ni joto la kabati lilizidi. Profesa kaangalia, kasema, "Rudia." Nimerudia.

Karatasi ya mshahara wa mwaka jana imefika. Nimeitia kwenye bahasha pamoja na nakala ya pasi, nikashuka ghorofa ya chini kwa Kaka Sumedha. Kila Msri Lanka wa chuo hiki humpelekea yeye. Yuko hapa Kansas mwaka wa nane sasa, bado anaandika tasnifu yake ya udaktari juu ya maji ya visima, na hakuna asichokijua: duka linalouza nazi iliyokunwa, daktari wa meno asiye na haraka, namna ya kuendesha gari juu ya barafu. Ritani za kodi hutufanyia kwenye kompyuta huku akikaanga vitunguu, na hachukui hata senti. Mwaka jana yangu aliimaliza kabla vitunguu havijaiva.

Leo alifungua mlango nusu.

"Weka hapo juu ya kabati la viatu," alisema.

"Kaka, unaumwa?"

"Niumwe na nini? Wiki ijayo nitakumalizia."

Juu ya kabati palikuwa na bahasha nyingine. Nikaweka yangu juu yake.

Jumatano, 12 Machi

Upepo mchana kutwa. Mama kapiga simu: mnajimu ametoa siku ya harusi ya mdogo wangu Sandamali, mwezi wa saba. Hakuniuliza kama nitakuja. Aliniuliza nitavaa sari ya rangi gani.

Sikumwambia kuhusu visa. Pasi yangu ya zamani ilipotea pamoja na begi kwenye basi la Wichita. Ubalozi wetu ulinipa pasi mpya, lakini visa iliyokuwa ndani ilipotea nayo, na visa haitolewi huku. Nikiwa ndani ya nchi hakuna anayeniuliza. Nikitoka, lazima niombe nyingine nyumbani, Colombo, na wakininyima, shahada yangu itabaki Kansas na fukusi wake.

Nilimwambia Mama kijani.

Jumapili, 23 Machi

Tumekula kwa Dada Nadeeka, ghorofa ya tatu. Yeye na mumewe Buddhika wanasomea udaktari wote wawili, na Jumapili mlango wao uko wazi kwa yeyote mwenye njaa. Nilipofika nchi hii katikati ya baridi bila koti la maana, Dada Nadeeka alivua lake akanivisha, akarudi kwake na sweta. Siwezi kulisahau hilo.

Nilipotaja safari, Buddhika akatikisa kijiko. "Colombo siku hizi wanadai karatasi za kodi. Yuko mmoja wa Texas, walimrudisha dirishani kwa sababu ritani ilichelewa."

"Mmoja yupi?"

"Mmoja tu. Wa Texas."

"Buddhika, huyo mtu wako wa Texas amepata misiba mingi," alisema Dada Nadeeka. "Mwezi uliopita alifukuzwa chuo kwa kupika samaki mkavu."

Tulicheka. Usiku nilipolala bado nilikuwa namfikiria yule wa Texas.

Jumanne, 1 Aprili

Kaka Sumedha: "Wiki ijayo."

Jumatatu, 7 Aprili

King'ora kimelia adhuhuri. Kila Jumatatu wanakijaribu kwa ajili ya msimu wa vimbunga, na kila Jumatatu nashtuka.

Jumatatu, 14 Aprili

Mwaka mpya wetu. Dada Nadeeka alichemsha wali wa tui la nazi mpaka ukafurika kwenye jiko la umeme, ikawa baraka kwa desturi yetu na pia ikawa kazi ya kufuta. Desturi ni kuwapa wakubwa majani ya tambuu na kuwainamia. Tambuu huku haipo, kwa hiyo tunatumia mchicha wa dukani. Kila mwaka anayeinamiwa kwanza ni Kaka Sumedha, kwa kuwa ndiye mkubwa wetu. Leo hakuja. Tulimpigia, simu ikaita tu.

"Anaandika tasnifu," alisema Buddhika. "Mwacheni. Mtu akishika kalamu mwaka wa nane, msimguse."

Mchicha wa Kaka ukabaki kwenye sahani. Mwishowe tuliupika.

Kesho ndiyo siku ya mwisho ya ritani.

Jumanne, 15 Aprili

Nimegonga asubuhi, nimegonga mchana, nimegonga jioni. Mara ya tatu nilisikia kiti kikisogea ndani.

Sielewi. Mtu aliyenifundisha kufungua akaunti ya benki ananificha uso kama mdaiwa. Nimemkosea nini?

Alhamisi, 17 Aprili

Leo nimechezeshwa kama mpira.

Nilianzia ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Binti wa pale ana tabasamu zuri sana. "Kodi? Sisi haturuhusiwi kutoa ushauri wa kodi. Ila tuliwatumia programu maalumu ya wageni, ya bure. Uliiona?"

"Ipo bado?"

"Imefungwa tarehe kumi na tano." Tabasamu lilikuwa palepale. "Jaribu ofisi ya mishahara."

Ofisi ya mishahara ni jengo la pili. Mzee mmoja alitazama karatasi yangu mbele na nyuma. "Sisi tunatoa karatasi. Unachoifanyia baadaye si letu. Waulize idara ya kodi."

Nilipiga simu idara ya kodi nikiwa nimekaa kwenye benchi. Muziki. Sauti ikasema simu yangu ni muhimu kwao. Muziki tena. Nilipopata mtu, alikuwa mpole, akaniuliza swali moja: "Wewe ni mkaaji au si mkaaji?"

"Ninakaa hapa," nilisema. "Mwaka wa tatu sasa."

"Kwa hiyo ni mkaaji?"

"Ni mwanafunzi. Nina visa ya mwanafunzi."

"Kwa hiyo si mkaaji?"

"Lakini ninakaa hapa."

Akasema nikishajua mimi ni nani nipige tena.

Jumamosi, 26 Aprili

Maktaba ya mji, Jumamosi, kuna mama mmoja mstaafu, Mama Dierks, anayesaidia watu kodi kwa kujitolea. Msimu umekwisha lakini bado anakuja, nadhani kwa kupenda kuzungumza. Nilimweleza yote. Alinisikiliza, akanipa biskuti ya shayiri.

"Mwanangu, unafanya kazi hapa, unalipa pango hapa, unanunua mboga hapa. Wewe ni mkaaji kuliko mwanangu, yeye anakuja Krismasi tu. Jaza ya wakaaji."

Nikafurahi. Nikatoa pasi. Alipoona ni ya kigeni akaisukuma kwangu kwa kidole kimoja.

"Ah. Za wageni mimi siruhusiwi kuzigusa."

"Lakini umesema mimi ni mkaaji."

"Nimesema kama jirani." Akaniongezea biskuti.

Jumapili, 4 Mei

Mvua. Kwa Dada Nadeeka, dengu. Nilimuuliza Buddhika kama ritani yao imeshapelekwa. "Kaka anayo," alisema, kama mtu anayesema jua linachomoza mashariki. Nikajiongezea dengu.

Nimeanza kumfikiria vibaya Kaka. Mtu anayefanya kazi bure miaka yote hiyo anapata nini? Nimefikiria na mambo ambayo sitayaandika.

Jumatatu, 12 Mei

King'ora cha adhuhuri. Sikushtuka.

Jumapili, 18 Mei

Tangu asubuhi hewa ilikuwa nzito, na kufika alasiri anga ilikuwa na rangi ya jeraha linalopona. King'ora kikalia. Haikuwa Jumatatu wala adhuhuri. Nilichukua pasi na kompyuta, nikashuka chumba cha kufulia kilicho chini ya jengo, ambako sote tumeambiwa tukimbilie.

Kaka Sumedha alikuwa tayari ameketi sakafuni, mgongo kwenye mashine ya kufulia. Amekonda, na mvi zimemtoka kidevuni. Tangu Machi sikuwa nimemwona uso mzima. Hapa hapakuwa na mlango wa kujifungia.

"Karibu," alisema, utadhani ni sebule yake.

Nilikaa mkabala naye. Juu mvua ya mawe ilianza kupiga magari. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya heshima kwa wiki nzima, lakini yaliyotoka ni haya: "Bahasha yangu iko wapi?"

"Juu ya viatu."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo."

Taa ilififia, ikarudi. Alikuwa anabana na kuachia kibanio cha nguo.

"Isuru alinipigia Februari," alisema. Isuru alikuwa mwenzetu hapa, mwaka jana alihamia Oregon kwa kazi ya mafunzo. "Idara ya kodi imemwandikia. Ritani niliyomfanyia ni ya wakaaji, na yeye ni mgeni. Alirudishiwa fedha zisizo haki yake. Wanazitaka, na riba juu. Alinitukana, Dilu. Isuru, niliyemfundisha kuendesha gari."

"Kwa hiyo ulikosea ya Isuru."

"Nimekosea zote. Yako. Ya Nadeeka. Ya Buddhika. Zote."

Nilimwambia sielewi. Akanieleza polepole, na nadhani ndiyo mara ya kwanza mtu ananieleza jambo hili bila kunisukuma mlango wa pili. Mwanafunzi mwenye visa kama yangu, kwa kodi, anahesabiwa mgeni kwa miaka mitano, hata kama hajawahi kutoka nje ya mji huu. Mgeni ana fomu yake, na makato makubwa wanayopata wenyeji hayamhusu. Mwaka wa sita anageuka mkaaji.

"Mimi niligeuka," alisema. "Nikaanza kutumia ile programu ya kila mtu, ikakubali, nikafurahi. Hakuna tena fomu za ajabu ajabu. Mkaja nyie. Nikadhani kiatu kilichonitosha mimi kitawatosha nyie."

"Nyumbani kwetu mgeni hukaa siku mbili, ya tatu anapewa jembe."

"Huku anapewa miaka mitano." Alijaribu kutabasamu. "Halafu jembe lenyewe unapewa upande mmoja. Kwa kodi mimi ni mkaaji. Kwa visa mimi ni mgeni, nikimaliza chuo niondoke. Dirisha hili linaniambia hivi, lile linaniambia vile. Sijarudi nyumbani tangu nije, Dilu, kwa kuogopa nisiweze kuingia tena. Kwa hiyo unaponiuliza mimi ni nani, hata mimi nasubiri jibu."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Ningeanzia wapi? Nyie mnaniinamia na mchicha."

Hasira niliyoifuga tangu Aprili haikupata pa kukaa. Ningependa angekuwa mwizi. Mwizi unajua umchukie vipi.

Hapo ndipo walipoingia Dada Nadeeka na Buddhika, wamelowa, Buddhika amekumbatia sufuria ya umeme ya wali kifuani. "Nyumba ikiruka iruke," alisema, "lakini wali—" Akatuona nyuso.

"Hukutuambia nini?" aliuliza Dada Nadeeka. Alikuwa amesikia kutoka kwenye ngazi.

Kaka alilirudia lote tangu mwanzo. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alipokuwa ananieleza mimi. Buddhika aliweka sufuria chini taratibu.

"Kaka," alisema Dada Nadeeka, "unajua tumeomba ukaaji wa kudumu. Unajua wanatuchunguza sasa hivi, mpaka jina la bibi yangu."

"Najua."

"Unajua, ukanyamaza."

Mawe yalipiga kwa nguvu, halafu ghafla yakaacha, na kimya kilikuwa kibaya zaidi. Dada Nadeeka alivuta pumzi, akatugeukia wote.

"Basi sikilizeni. Hakuna anayepeleka chochote. Si ya kusahihisha, si ya kuchelewa. Wewe Dilu ukijichongea, watauliza nani alikufanyia, na mwingine nani, na mwingine nani. Usimwamshe aliyelala."

"Dada, mimi ya mwaka huu sijapeleka kabisa. Na natakiwa kwenda nyumbani."

"Harusi itaisha kwa siku moja. Sisi tumekaa hapa miaka minne."

Kimbunga kilipita kaskazini, kikabomoa paa la ghala la mtu. Tulipanda ngazi. Wali ulisahaulika kule chini, Buddhika alirudi kuufuata peke yake.

Jumatatu, 19 Mei

King'ora cha adhuhuri, cha majaribio. Nililia maabara, mbele ya chupa. Profesa alidhani ni kwa sababu ya fukusi, akaniambia matokeo mabaya pia ni matokeo.

Jumatano, 21 Mei

Sijui nimsikilize nani. Aliyenivisha koti lake ananiambia ninyamaze. Aliyeniharibia ananiambia nipeleke. Maana Kaka alikuja kwangu leo, yeye mwenyewe, bahasha mkononi. "Tuifanye kwa mkono," alisema. "Ya mwaka huu iliyochelewa, na ya mwaka jana tuisahihishe. Mimi nitakuwa nasoma, wewe unaandika. Uamuzi wa kupeleka ni wako."

"Na Dada Nadeeka?"

"Nadeeka ana haki ya kuogopa. Mimi niliogopa tangu Februari, na tazama nilikofika."

Jumapili, 25 Mei

Mvua. Tumesoma kijitabu cha maelekezo mezani kwangu mpaka chai ikapoa mara mbili.

"Kama jibu ni ndiyo," alisoma Kaka, "nenda mstari wa nane, isipokuwa kama maelezo ya mstari wa tatu yanakuhusu."

"Yananihusu?"

"Ukiwa hujui, tazama sehemu ya nyuma." Akafungua nyuma, akasoma kimya, akakunja uso. "Sehemu ya nyuma inasema tazama mstari wa tatu."

Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Yeye hakucheka, ila aliweka kijitabu chini na kwenda kukaanga vitunguu bila kuambiwa.

Kuna swali linalotaka tarehe zote nilizotoka nchini na kuingia. Baada ya ile moja ya kuingia sikuwa na kitu cha kuandika.

Alhamisi, 29 Mei

Kijitabu kinasema waziwazi kwamba aliyechelewa naye apeleke. Nimekisoma mara nyingi kutafuta mtego. Kinasema tu apeleke.

Jumapili, 1 Juni

Nilikwenda kwa Dada Nadeeka kumwambia kabla hajasikia kwa mwingine. Alikuwa anachambua mchele.

"Dada, nitapeleka zangu."

Aliendelea kuchambua. "Umeshaamua, unanipa taarifa."

"Nikiulizwa Colombo, siwezi kusema uongo. Sina uso wa uongo, unanijua."

"Nakujua," alisema. "Ulikuja hapa unatetemeka kama kifaranga."

Akarudi kwenye mchele. Buddhika alinisindikiza mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na la kuchekesha. "Usimkasirikie," alinong'ona. "Usiku hapati usingizi."

Ijumaa, 6 Juni

Posta. Bahasha mbili nene za kwenda idara ya kodi, Austin, Texas, na ndani ya mojawapo hundi ya kurudisha kilichozidi pamoja na riba. Mama wa dirishani aliuliza, kama anavyouliza kila mtu, "Ndani kuna kitu kinachovunjika, cha majimaji, au cha hatari?"

Nilifikiri kweli kabla ya kujibu.

"Hapana," nilisema.

Alibandika stempu.

Jumapili, 15 Juni

Mavuno ya ngano yameanza. Kombaini zinatembea mpaka giza, na vumbi lake limeingia mpaka kwenye mswaki. Harufu ya majani ya mchuzi ilishuka kutoka ghorofa ya tatu ikapita chini ya mlango wangu. Sikuitwa. Wala Kaka hakuitwa.

Jumatano, 18 Juni

Nimekutana na Dada Nadeeka kwenye ngazi. Alinipisha ukutani nikapita, kama unavyompisha mtu usiyemjua.

Nilikuwa nadhani yeye ndiye mama yetu hapa na Kaka ndiye mzee wetu. Sasa naona ni watu wa umri wa karibu na wangu, walitangulia kidogo tu kufika.

Jumapili, 22 Juni

Punje za ngano mpya zimefika maabara. Kazi.

Ijumaa, 27 Juni

Buddhika kagonga, mkononi bakuli la maharage mabichi ya kukaanga. Alikaa kabla sijamkaribisha.

"Tumetoka Wichita kwa wakili wa maombi yetu," alisema. "Unajua swali lake la kwanza? Si jina la bibi. 'Kodi zenu mlijaza kama wageni?' Nadeeka hakusema kitu. Mimi nikasema kila kitu."

"Akafanyaje?"

"Aliweka kalamu mezani. Akasema watu wanakosea kila siku, wakasahihisha, mambo yakaenda. Lakini aliyejua na akakaa kimya, huyo hawezi kumsaidia. Tuzipeleke kabla ya kitu kingine chochote."

"Na Dada amesemaje?"

"Njia nzima kutoka Wichita, hakusema. Tulipofika akasema, 'Mpelekee Dilu maharage.'"

Jumamosi, 28 Juni

Dada Nadeeka amekuja mwenyewe, karatasi kwenye mfuko wa plastiki wa dukani. Hakuomba radhi, na mimi sikutaka aombe. Ningekosa pa kutazama.

"Nionyeshe ulivyofanya."

"Kaka anajua kuliko mimi. Sisi tulisoma pamoja."

Aliangalia dirishani, kombaini ya mwisho ilikuwa inapita mbali. Alikuwa akizungusha bangili yake. "Nilimwambia maneno," alisema. "Siku moja pale tunapoegesha magari, wewe hukuwepo. Nilimwambia hata nyumbani hawamtaki, ndiyo maana harudi."

Sikujua kama nimlaumu au nimshike mkono. Sikufanya lolote kati ya hayo. Tulishuka pamoja. Kaka alipofungua na kumwona, alirudi nyuma hatua, kama mtu anayesubiri kupigwa.

"Lete kalamu, Kaka," alisema Dada Nadeeka, "na usinisomee haraka. Mimi si Dilu, mimi nauliza."

Aliuliza kweli. Waligombana juu ya mstari wa tatu hadi jirani akagonga ukuta. Buddhika, aliyeshuka baadaye, alisema sasa anaelewa kwa nini mtu wa Texas aliacha kulipa kodi.

Jumamosi, 5 Julai

Kaka amenipeleka uwanja wa ndege wa Kansas City. Njiani mashamba yote yamebaki mabua. Nilimwambia benki inaonyesha hundi yangu imeshachukuliwa. Hakuna barua, hakuna neno.

"Hawajasema asante?" aliuliza.

"Hawajasema lolote."

"Basi ndiyo hivyo. Ukiona kimya, umesamehewa au hawajakufikia."

Alinipa kifurushi cha dawa za magoti za mama yake, aliyeko nyumbani, Kandy. Nilimuuliza kwa nini asimpelekee mwenyewe.

"Nikimaliza tasnifu."

"Utaimaliza lini?"

"Wiki ijayo," alisema, na safari hii tulicheka wote wawili. Halafu akasimamisha gari, akatoa begi langu, akasema bila kunitazama kwamba amemwandikia profesa wake tarehe ya kutetea tasnifu. Desemba. Baada ya hapo hajui atakuwa mgeni wa wapi, lakini ataanza kwa kumwona mama yake.

Jumanne, 15 Julai. Colombo

Nimevaa sari isiyokuwa yangu, maana nguo zangu zote Mama amezifua. Faili mkononi: ritani mbili, nakala, risiti za posta, kila karatasi kwa mpangilio. Kwenye foleni ya visa nilikuwa narudia majibu kama mtoto wa shule.

Afisa wa dirishani alikuwa mwanamke kijana, nywele fupi, macho yamechoka.

"Unasoma nini?"

"Fukusi wa ngano."

"Sri Lanka mnalima ngano?"

"Hapana. Tunaila. Inakuja kwa meli, na fukusi wanakuja nayo."

Aliandika. Nikaanza kufungua faili, tayari kwa swali la kodi.

"Unaishi wapi?"

Swali dogo kuliko yote. Hilo sikuwa nimelifanyia mazoezi. Sikujua anauliza kwa visa, au kwa kodi, au kama jirani. Nyuma ya kioo alikuwa anasubiri, na nyuma yangu watu walikuwa wanakohoa.

"Kansas," nilisema.

Aliinua macho. Kila mtu anajua mwombaji wa visa ya masomo hatakiwi kusikika kama mtu aliyekwisha hamia. Nilitamani kulirudisha neno lakini lilikuwa limeshapita kwenye matundu ya kioo.

"Na hapa umefikia kwa nani?"

"Kwa mama na baba. Kurunegala. Dada yangu mdogo anaolewa Jumapili." Halafu, sijui kwa nini, nikaongeza, "Nitavaa kijani."

Alinitazama kidogo tena. Akachukua pasi yangu, akaiweka upande wake wa kioo. "Visa yako imekubaliwa. Mpe pole mama yako, harusi ni kazi."

Faili halikufunguliwa. Nilisimama pale mpaka askari akaniambia nisogee.

Baba alikuwa ananingoja ng'ambo ya barabara na mwavuli, jua limemchoma upande mmoja wa uso.

"Wamekuuliza nini?"

"Wameniuliza ninaishi wapi."

"Ukajibu?"

"Nimejibu vibaya, Baba. Wakanipa hivyohivyo."

Alifikiri, kama anavyofikiri kila kitu, bila haraka. "Jibu zuri lingekuwa lipi?"

Tulitembea hadi stesheni, akanunua tiketi, tukapata viti upande wa kivuli. Treni ilipoondoka alikuwa bado ananitazama, anasubiri nimwambie.